Aliyemtaja Mungu Aoshe Vikombe

Kwa anayeungana nami leo, nitaeleza kwa kifupi nilikofika, maana mkosi wangu ni mrefu na gazeti lina kurasa zake.

Mimi hutengeneza meno ya bandia, ndiyo maana rafiki zangu huniita Magego. Nina karakana ya chumba kimoja nyuma ya duka la vioo, na humo kila Alhamisi jioni, kazi ikiisha, tulikuwa tukikutana watu wanne tusioamini kwamba kuna Mungu. Tulikunywa chai, tukabishana, tukajifunza. Baba mkwe wangu, ambaye ni mzee wa kanisa, alipogundua alikuja kumchukua mke wangu pamoja na binti yetu, Chiriku. Akaniambia kwamba kama nyani ni jamaa zangu basi niende nikaishi nao, kwa sababu binti yake ana jamaa wengine. Hayo nimeshayasimulia.

Nimesimulia pia jinsi Mwalimu, mkubwa wetu, alivyoanguka katikati ya somo akiwa ameshika taya la plasta mkononi, na jinsi tulivyomkimbiza hospitali. Mara ya mwisho niliwaacha pale kitandani kwake, mchana, ameushika mkono wangu na hataki kuuachia.

Basi, aliuachia.

Nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo. Wodini kulikuwa na joto. Muuguzi alikuwa kitanda cha jirani akibadilisha shuka. Mwalimu alikuwa amefumba macho, pumzi zinakwenda na kurudi kwa taabu. Mara maumivu yakamkamata kifuani, akajikunja, akasema kwa sauti ya kusikika kabisa, "Mungu wangu."

Kisha akafumbua macho akaniangalia. Nikaona mdomo wake unapinda upande mmoja, vile ulivyokuwa ukipinda kila alipomnasa mtu kwenye mabishano. Akacheka, kicheko kidogo chenye kikohozi ndani yake.

"Haya, Magego," akasema. "Leo nitaosha mimi."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho. Muuguzi aligeuka aliposikia kicheko, akaja, akamgusa shingoni, akatoka kwenda kumwita daktari. Daktari alipofika hakuwa na la kufanya zaidi ya kumfunika.

Ili mjue alikuwa akicheka nini, lazima niwaambie habari ya vikombe.

Kuacha kuamini ni rahisi kuliko kuacha kusema. Mtu anaweza kutumia jioni nzima akithibitisha kwamba mbinguni hakuna mtu, halafu akajigonga kidole kwenye meza akamwita huyo huyo asiyekuwepo. Kwa hiyo tulijiwekea sheria: atakayemtaja Mungu kwa mazoea ataosha vikombe vya wote. Siku asiponaswa mtu, kila mmoja anaosha chake.

Aliyeosha sana alikuwa Muadhini. Tulimwita hivyo kwa sababu ujanani aliadhini msikitini, na sauti anayo mpaka leo, ingawa sasa ni fundi umeme. Siku moja alipandwa na hasira akapiga meza akasema, "Wallahi, Mungu hayupo." Tulicheka mpaka mwenye duka la vioo akaja kugonga ukuta. Mfamasia, ambaye ndiye mwanamke pekee kati yetu, kila akisikia habari ya ugonjwa alikuwa akisema Mungu apishe mbali, na kwenye duka la dawa habari za ugonjwa haziishi. Mimi niliponzwa na wateja. Ukimwambia mteja meno yake yatakuwa tayari Ijumaa bila kuongeza Mungu akipenda, anakuona tapeli.

Mwalimu peke yake hakuwahi kunaswa. Tulimtega kwa kila namna. Muadhini aliwahi kupasua mfuko wa karatasi uliojaa upepo nyuma ya kisogo chake, Mwalimu akasema "Lo," akaendelea na somo.

Alikuwa amefundisha bayolojia maisha yake yote, na alitufundisha hata sisi kwa kutumia vitu vyangu vya kazi. Jioni moja aliteremsha taya la plasta kutoka rafu yangu, akatuonyesha gego la mwisho lililoota kwa ubavu, limekwama. Akasema wahenga wetu wa kale kabisa walikuwa na mataya makubwa kwa sababu walitafuna vitu vigumu na vibichi. Ukaja moto, chakula kikawa laini, na kizazi baada ya kizazi taya likapungua, lakini gego la mwisho halikupelekewa habari. Linakuja mpaka leo, linakuta viti vimeshajaa. Akatuonyesha vinyweleo mkononi vinavyosimama tukisikia baridi, vinajaribu kutupa joto la manyoya ambayo hatuna tena.

Ndiye pia aliyeturekebisha kuhusu nyani. Alituambia sokwe si babu yetu, ni binamu wa mbali. Babu wa wote wawili alikuwa mwingine na alishakufa zamani mno. Neno hilo la binamu ndilo nililolirudia mezani kwa baba mkwe kwa ujinga wangu, na mmeona lilikonifikisha.

Jioni ile ya magego, Mwalimu aliweka taya mezani akasema, "Hata neno lenu hilo, Mungu wangu, ni gego la mwisho. Kazi yake imekwisha, lakini bado linaota."

Muadhini hakukubali. Akasema yeye ameona watu wakipigwa na umeme, na ameona wake zao wakija mbio, na neno lile hutoka pale ambapo hakuna neno jingine la kutoa. Kitu kinachokuja wakati huo huo tu, kila siku, kwa kila mtu, utasemaje hakina kazi?

Mwalimu alilirudisha taya rafuni. Akasema hilo ni swali zuri na atalijibu Alhamisi ijayo. Alhamisi hiyo ndiyo aliyoanguka, kabla hajafika kwenye jibu.

Kuna jambo jingine. Alikuwa amewahi kutuomba kitu, sote watatu, na tukamkubalia. Alisema, "Nikifa, nisemeni nilivyokuwa. Msiniongeze, msinipunguze." Hakukataza mtu kulia wala kuimba. Alitaka hilo tu.

Sasa turudi hospitalini.

Nje ya wodi, kwenye benchi, alikuwa amekaa mama yake. Ni mama mkongwe, mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Wodini alikuwa akiruhusiwa mgeni mmoja tu kwa wakati, na yeye mwenyewe ndiye aliyenitanguliza, akasema niingie nimsalimie rafiki yangu wakati yeye anapumzisha miguu. Kwa hiyo niliyoyasikia mimi yalikuwa haki yake.

Aliponiona usoni alijua. Hakulia. Aliniuliza, "Alisema neno?"

Nikamjibu, "Alisema Mungu wangu, mama."

Nilikuwa naendelea. Nusu ya pili nilikuwa nayo mdomoni. Lakini uso wa yule mama ulibadilika mbele yangu, mikunjo yote ikalegea, akanishika mikono miwili akaiweka kwenye paji la uso wake. Alisema mwanawe amerudi. Alisema ameomba kwa ajili ya neno hilo tangu mwanawe alipokuwa kijana wa chuo, na kwamba sasa hata yeye anaweza kwenda. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na yalikuwa ya furaha.

Nikafunga mdomo.

Mtauliza nilihisi nini. Sikuhisi kitu. Mgonjwa akidungwa sindano ya ganzi anaweza kujiuma ulimi asijue, mpaka aone damu kwenye leso. Nimekuwa hivyo tangu mke wangu aondoke. Rafiki yangu alikuwa amekufa mkono wake ukiwa ndani ya wangu, na nilichokuwa nikiwaza pale kwenye benchi ni kwamba miwani ya mama inahitaji skrubu ndogo, na kwamba karakanani ninazo.

Siku ya pili yake habari ilikuwa imeenea mtaa mzima: yule mwalimu asiye na dini ametubu kitandani. Mazishi yangefanyika kanisani kwa baba mkwe wangu, ndiko mama alikokuwa akisali.

Jioni Mfamasia na Muadhini walikuja karakanani. Vikombe vya siku ile ya mwisho vilikuwa bado mezani, vinne, majani ya chai yamekauka chini. Hakuna aliyekuwa amevigusa. Mfamasia alikaa mahali pake. Muadhini hakukaa.

Walitaka kujua kama ni kweli. Nikawaambia yote, nusu ya kwanza na nusu ya pili. Nilipofika pale pa kuosha vikombe Muadhini alicheka kwa nguvu, akashika ubao wa meza, kicheko kikageuka kikawa kilio, akageukia ukutani. Mfamasia alivuta kikombe cha Mwalimu akakishika.

Muadhini alipojifuta uso aliuliza, "Na hayo ya mwisho ulimwambia mama?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

Nilimwambia nilivyouona uso wake.

"Umemuuza, Magego," akasema. "Alikaa miaka yote ile hakunaswa hata mara moja, na mara moja aliyonaswa umeenda kuifanya toba."

Nilimjibu kwamba sikusema uongo. Akasema anajua sikusema uongo, ndiyo maana anaona kinyaa. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwake. Alisema yeye haoni shida Mwalimu kuombewa, hata yeye mwenyewe huenda akamwomba mtu amsomee chochote siku yake ikifika, hajui. Shida yake ni kwamba mtu atakayezikwa kesho siye Mwalimu.

Mfamasia alizungumza mara moja tu, bila kuinua sauti. "Umempa mama nusu dozi. Nusu dozi humpa mgonjwa nafuu, halafu ugonjwa unarudi umekomaa. Nenda ukampe iliyobaki."

Nilisema nitakwenda. Sikwenda. Walipoondoka nilikaa nikatafuta skrubu ya miwani, nikaipata, nikaiweka mfukoni, basi.

Asubuhi, kabla sijafungua vizuri, akaingia baba mkwe.

Hakusalimia kwa sauti. Alitoa leso mfukoni akaifungua juu ya meza yangu, na ndani yake yalikuwa meno yake ya juu, yameingia ufa katikati. Meno hayo niliyatengeneza mimi mwaka niliomwoa binti yake. Nilichagua rangi yake mimi mwenyewe, nikayapanga moja moja kwa mkono, nikampa kwa heshima ya mkwe. Ni kwa meno hayo alinitangaza kanisani kuwa ni mtu aliyepotea. Yote mabaya aliyowahi kunitamkia yamepitia kazi ya mikono yangu, na lazima nikiri yalitamkika vizuri.

Bila meno alionekana mzee kama mzee mwingine yeyote, midomo imezama ndani. Nilimwekea kiti. Nilichanganya unga wa plastiki na maji yake ya kuugandisha, nikaanza kuziba ufa, na yeye akaanza kuzungumza.

Alisema yeye si mtu mbaya. Alisema mtoto analia usiku akiniulizia, na mke wangu hali vizuri, na yeye ni baba, anaona. Alisema habari za Mwalimu zimemgusa, na kwamba mama yake Mwalimu ameomba mimi nisimame mbele ya watu niseme nilichosikia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwepo.

"Useme yale yale uliyomwambia mama yake, si zaidi," akasema. "Ukishuka pale mbele, mkeo na mtoto watatoka kanisani pamoja na wewe. Sitawazuia tena."

"Na nikikataa, baba?"

"Utakataa nini, mkwe wangu? Umeshasema. Nakuomba urudie tu."

Alikuwa sawa. Niliyapitisha yale maneno kichwani huku nikipiga msasa, nikayapitisha tena, hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Nilichoombwa ni kidogo mno. Na upande wa pili alikuwepo mke wangu, na Chiriku, na nyumba ambayo sasa hivi ukiingia unasikia saa ya ukutani tu.

Nilipomaliza kuyang'arisha nilimpa. Aliyavaa, akauma mara mbili tatu, akajitazama kwenye kioo changu kidogo. "Yamekaa," akasema, na alikuwa tena mzee wa kanisa.

Mazishi yalikuwa adhuhuri. Kanisani kulijaa watu, wengi wao wanafunzi wa zamani, watu wazima wenye vitambi na watoto wao. Mke wangu alikuwa langoni akinisubiri, amevaa gauni lake jeusi. Chiriku alinikimbilia, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuingiza mkono mfukoni mwangu. Nilikuwa nimezoea kumletea vipande vya nta ya rangi ya waridi ninayotumia kazini, anafinyanga wanyama. Safari hii alitoa skrubu.

"Hii ni ya mnyama gani?" akauliza.

Nikamwambia ni ya miwani ya bibi. Nilimwambia atangulie ndani akakae na babu.

Mke wangu hakunikumbatia. Alinitengeneza ukosi wa shati, kama alivyofanya siku zote, halafu akarudisha mikono yake.

"Baba anadhani niliondoka kwa sababu ya Mungu," akasema. "Sikuondoka kwa sababu ya Mungu, Baba Chiriku. Nilipita na begi mbele ya meza yako, mtoto analia, na wewe ulikuwa unapanga meno. Hukuinua kichwa."

Ilikuwa kweli. Nakumbuka hata yalikuwa meno ya nani.

Nilimuuliza kama anajua baba yake ameniomba nini. Akasema anajua.

"Na unataka niseme?"

Alitazama ndani ya kanisa, akatazama chini. "Nataka kurudi nyumbani," akasema. "Lakini nitajua. Wewe ukificha kitu huwa unaangalia mikono yako. Umefanya hivyo tangu tulipooana." Kisha akaingia, na mimi nikaingia nyuma yake.

Jeneza lilikuwa mbele, limefunguliwa ili watu waage. Nilipita na foleni. Walikuwa wamemvisha suti ambayo sikuwahi kuiona na wamemfunga mdomo vizuri, umenyooka kabisa. Ule upande uliokuwa ukipinda walikuwa wameusawazisha. Niliutazama kwa jicho la kazi, nikaona ni kazi safi, na kwamba hafanani na yeye.

Mama yake alikuwa benchi la mbele. Mfamasia na Muadhini walikaa la mwisho kabisa, karibu na mlango. Watu waliposimama kuimba, na wao walisimama. Muadhini hakuyajua maneno ya wimbo, lakini niliona koo lake linafuatisha sauti.

Mchungaji alihubiri kwa ufupi. Alisema mengi mazuri juu ya mwanadamu anayetangatanga na mlango usiofungwa. Alisema wapo wanaodai tumetokana na wanyama, na tazameni, saa ya mwisho mnyama hamwiti Muumba wake. Watu wakacheka kidogo kwa adabu. Kisha akamwita shahidi.

Nilikwenda mbele. Baba mkwe ndiye aliyenipa kipaza sauti, akanipigapiga bega. Kutoka pale niliweza kuona kila mtu: mke wangu benchi la tatu, Chiriku magotini mwake anazungusha skrubu vidoleni, Mfamasia amekunja mikono, Muadhini ameinamisha kichwa.

Nilisema nilikuwa na Mwalimu mchana ule. Nilisema alikuwa rafiki yangu. Nilisema kwamba maumivu yalipomzidi, alisema Mungu wangu.

"Amina," akasema mchungaji, na kanisa zima likaitikia.

Niliyasema nikitazama mlango, si mikono yangu, na sauti haikutetemeka. Hiyo ndiyo faida ya ganzi. Kwaya ikaanza kusimama. Baba mkwe akainuka kuja kupokea kipaza sauti, uso wake umekunjuka, meno yote yanaonekana. Nilimwona mke wangu anachukua mkoba wake na kuuweka begani. Kila kitu kilikuwa kimekwisha. Nilichobakiwa nacho ni kushuka ngazi moja.

Ndipo mama yake Mwalimu alipoinua mkono.

Hakuwa na haja ya kipaza sauti, watu walinyamaza wenyewe. Alijishikiza kwenye ubao wa benchi, akasimama taratibu, akarekebisha miwani yake yenye uzi.

"Mwanangu, ngoja," akaniambia. "Usishuke."

Sikushuka.

"Nilimuuliza yule muuguzi jana, nilipokwenda kuchukua nguo zake. Nilitaka na yeye aniambie habari ile ile, nifurahi mara ya pili. Yeye akaniambia mwanangu alicheka."

Mchungaji alisogea akamwambia kwa upole kwamba ilikuwa furaha ya wokovu, mama. Mama hakugeuka kumtazama. Alikuwa akiniangalia mimi.

"Nimemzaa mimi. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Alikuwa akicheka akimweza mtu, tangu mdogo, mdomo unakwenda upande." Alinyoosha kidole chake kimoja kuelekea kwenye jeneza. "Huyu mliyenilazia hapa amenyoosha mdomo. Sasa wewe ndiye uliyekuwepo. Nimefurahi na ulichonipa, lakini nataka changu chote. Mwanangu alicheka nini?"

Nilizisikia feni za dari. Baba mkwe alikuwa ameshanifikia. Alishika kipaza sauti akakivuta, taratibu, watu wasione. Nikakuta vidole vyangu vimekikamata na haviachii. Kwa mara ya kwanza tangu nyumba yangu iwe tupu nilihisi kitu, pale pale vidoleni, ule mwasho unaokuja ganzi inapoanza kuisha, ambao wateja huniambia ni mbaya kuliko jino lenyewe.

Nyuma kabisa Muadhini alikuwa ameinua kichwa.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi, na lilikuwa la kuchekesha, na lilikuwa la yule mama. Na lingine nilikuwa nalo pia, kwamba sikumbuki, mama, kulikuwa na kelele wodini. Hilo nalo lilikuwa fupi.

Mke wangu alikuwa amesimama benchi la tatu, mkoba begani, amemshika Chiriku mkono, tayari kutoka pamoja nami. Hakuwa akimtazama baba yake wala yule mama. Alikuwa akinitazama mimi.

Nikafungua mdomo, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa naangalia mikono yangu.